Ziwa la Asiyejua Kuogelea

Barua ya serikali ilikuja na ramani
na cheti chenye mhuri wa dhahabu.
Walitafuta ziwa lisilo na jina
kaskazini ya Saskatchewan, mbali na barabara yoyote,
wakalibandika lako, Metro:
Ziwa Hawryluk.

Nilicheka, Mungu anisamehe.
Wewe, ambaye kwenye bwawa la ng'ombe
uliishia magotini,
mkono mmoja umeng'ang'ania uzio,
ukiapa kuna kitu chini kinakuvuta vidole!

Jeshi la anga likakupa kiti cha nyuma kabisa,
kibanda cha kioo mkiani mwa ndege,
bunduki nne, na mgongo kwa wenzako sita.
Wao walitazama mwendako.
Wewe ulitazama mlikotoka,
miji inayowaka ikizidi kuwa midogo,
na watu ndani ya miji hiyo,
ambao kanisani kwetu hawakutajwa.
Miaka kumi na tisa.
Ndevu zako zilikuwa bado zinaomba ruhusa.

"Huku juu kuna baridi kidogo tu," uliandika,
"kama kwenda zizini Februari bila glavu.
Mwambieni Nettie sijasahau senti zake ishirini na tano.
Nitamlipa nikirudi."

Simu ya maandishi aliileta Bwana Pruden wa stesheni,
kwa miguu, theluji imefunga njia.
Baba alikuwa msituni akikata kuni.
Mama hakujua Kiingereza.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
wa kwanza darasani kwa kusoma.
Maneno yalikuwa matatu:
Amepotea. Anadhaniwa amekufa.
Nilisoma moja, nikameza mawili.

Amepotea, nikamwambia mama,
na uso wake ukafunguka.
"Ndama hupotea," alisema. "Akiona taa hurudi."

Basi taa ikakaa dirishani.
Baba alipima mafuta kwa kijiko, hakusema kitu.
Majira ya baridi yale, na yaliyofuata,
vita vikaisha, watoto wa kina Skoretz wakarudi,
mmoja bila mguu,
na taa ikakaa dirishani.
Umeme ulipofika shambani
mama akataka balbu ya barazani isizimwe
mpaka alipozimika yeye.
Na kila jioni, aliyeiwasha ni mimi.
Mimi niliyekuwa na yale mengine tumboni.

Sasa nina themanini na moja.
Delbert Charles, rubani, hajafika ishirini na mbili.
Alitua juu ya maji yako kama mtu anayeweka sahani mezani,
akanishika kiwiko nisiteleze.
"Bibi yangu huliita jina jingine,"
alisema, akitazama viatu vyake.
"La tangu kabla ya ramani."
Nikamwomba alitamke. Akalitamka.
Mimi nililijaribu mara tatu, likanishinda.
Haidhuru. Nawe ulikuwa na mawili,
Dmytro kwa padri,
Metro kwa mwalimu aliyeshindwa na lile la kwanza.

Nilikuwa nimeandaa sala. Ikanikimbia.
Mbu walikuwa wengi, maji meusi kama chai iliyosahaulika.
Mwili wako hauko hapa, najua,
uko katika bahari nyingine, au hauko popote.
Nikainama hata hivyo,
nikaingiza mkono mpaka kiwiko,
nikasema kwa sauti, kwa Kiukreni,
lile neno la pili.
Kisha la tatu.

Hakuna kilichonivuta vidole.

Tulipopaa niligeuza shingo,
nikatazama tulikotoka
mpaka ziwa likabaki kama sarafu
iliyoachwa mezani na mtu mwenye haraka.
Delbert akauliza kama nasikia baridi.
Kidogo tu, nikamwambia.